Mtoto Naye Achague Nguo Yake



Mama wa huku kwetu, awe wa Likoni, Kisauni ama Changamwe, akienda kununua leso hatazami rangi peke yake. Huikunjua, akasoma jina lake, kisha ndipo akaamua. Jina lisipomfaa huirudisha, hata kama maua yake ni mazuri. Sote twajua kwamba leso husema. Yaweza kumshukuru mzazi, yaweza pia kumjibu jirani bila ya mdomo kufunguliwa.

Basi ikiwa sisi watu wazima twasema kwa nguo, mbona twashangaa mtoto naye akitaka kusema kwa yake?

Tuchukue mfano. Mzazi ameenda Kongowea, ameinama kwenye mitumba jua likimchoma, amerudi na gauni la maua. Binti wa miaka kumi analitazama, anasema hataki. Mzazi anaona hana shukrani, kwani pesa imetoka na nauli imetoka. Maneno yanaanza, pengine na kofi juu yake. Gauni linavaliwa Jumapili moja kwa machozi, kisha linabaki sandukuni. Hapo tumepoteza pesa, na tumepoteza maelewano.

Kuna hatari kubwa zaidi. Binti asiyeulizwa nyumbani anapenda nini, atampata wa kumuuliza huko nje. Wako wanaowanunulia wasichana wa shule nguo, na wanajua watakachodai baadaye.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Kusikilizwa si kuachiwa kila kitu. Mzazi abaki mzazi. Sisi twapendekeza hivi:

1. Mtoto mdogo: mtolee nguo mbili, zote zinafaa, umuulize, "Hii ama hii?" Akichagua, usimcheke.

2. Mtoto wa shule ya msingi: nenda naye sokoni. Mwambie mapema pesa mliyo nayo. Mfundishe kukagua zipu, mishono na madoa. Atajifunza hesabu, na nguo aliyoichagua mwenyewe ataitunza.

3. Kijana: kaeni mpatane mipaka, yaani staha, dini ya nyumbani, gharama na mahali pa kwenda. Toa sababu; "nimesema!" si sababu. Sare ya shule ibaki sare.

4. Nguo za kurithi kwa kaka ama dada: mwache aongeze chake. Kifungo kipya, mfuko ama ukanda wa kipande cha leso kuukuu vyatosha kumfanya aseme, "Hii ni yangu." Vikundi vyenye cherehani vyaweza kutenga siku moja ya likizo kuwafundisha watoto kazi hii, wavulana pia.

5. Usipendelee mmoja. Vazi la Yusufu (Mwanzo 37) lilikuwa zuri, lakini lilizidisha chuki ya ndugu zake kwa sababu ni yeye peke yake aliyepewa.

Hatusemi mnunue nguo nyingi. Hata mwenye nguo tatu aweza kuulizwa leo avae ipi. Kuuliza hakuna bei.

Tumkumbuke Hana, aliyemshonea mwanawe Samweli kanzu ndogo akampelekea mwaka baada ya mwaka (1 Samweli 2:19). Kila mwaka ilimbidi afikirie mtoto amekua kiasi gani. Nasi tutazame watoto wetu wamekua kiasi gani, mwili na mawazo.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
- Ulipokuwa mdogo, ni nguo gani uliyolazimishwa kuvaa? Ulijisikiaje?
- Mwanao apenda rangi gani? Umejuaje?
- Ni mipaka ipi ya mavazi ambayo sisi wazazi twaweza kukubaliana hapa kijijini?