Simu ya mpakani: laini mbili kwanza, jina baadaye

Mfanyabiashara anayeagiza iPhone 17 kutoka Dubai ili aitumie Namanga anapaswa kujua jambo moja kabla ya kulipa: simu hiyo haina mahali pa kuweka kadi ya laini. Toleo hilo la mwaka 2025 linauzwa katika nchi kadhaa za Ghuba likitumia eSIM pekee, yaani laini inayosajiliwa ndani ya simu bila kadi. Zile za Marekani zimekuwa hivyo tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, ilhali nyingi za China na Hong Kong zina nafasi mbili za kadi. Jina ni moja, simu ni tofauti.

Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo, kwani eSIM zinapatikana Kenya na Tanzania. Kwa anayevuka mpaka kila wiki ni kubwa. Laini zake mbili, moja ya kila upande, ndizo zinazoshika fedha za M-Pesa au Airtel Money. Simu ikivunjika kioo njiani, kadi huchomolewa, ikawekwa kwenye simu ya utingo na malipo yakaendelea. eSIM haichomolewi. Kuihamisha kunahitaji intaneti, na pengine kwenda hadi duka la kampuni ya simu, ambalo huenda liko nchi aliyoiacha nyuma.

Mfumo endeshi nao una uzito wake. Sokoni imebaki mikubwa miwili: Android ya Google, inayotumika kwenye Samsung, Tecno, Infinix, itel na nyinginezo, na iOS iliyo kwenye iPhone peke yake. Mingine imekwisha. WhatsApp iliachana na simu za Windows mwishoni mwa 2019, na BlackBerry ikazima huduma za simu zake za zamani Januari 2022. Hata iPhone huzeeka: mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 6, ambayo haiwezi kupokea iOS 15. Kwa anayepokea oda na picha za nyaraka za mzigo kwa WhatsApp, simu ya namna hiyo ni hasara hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni miaka mingapi simu itapata masasisho. Galaxy A16 ya mwaka 2024, ambayo si simu ya bei kubwa, iliahidiwa miaka 6. Simu nyingi za bei nafuu hazifiki hapo.

Fedha za simu zenyewe hazichagui mfumo. *334# ya Kenya na *150*00# ya Vodacom Tanzania hufunguka hata kwenye simu ya vitufe, na dereva mwenye busara huwa nayo moja kwenye kabati la gari. Simu ya kisasa inahitajika kwa mengine. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa RECDTS wa kufuatilia madereva wa malori kupitia programu ya simu, na asiyekuwa na simu ya kuipakua alikuwa na kazi ya kujieleza.

Kwa dereva, Android yenye nafasi mbili za kadi na betri ya 5,000 mAh inatosha, na kioo chake hakimshindi fundi wa Malaba au Tunduma. iPhone inamfaa mfanyabiashara wa dukani anayekaa na simu miaka mingi kisha kuiuza, kwa sababu bei yake haishuki haraka.

Anayehama mfumo asiuze simu ya zamani siku hiyohiyo. Nakala za WhatsApp zilizohifadhiwa Google Drive hazifunguki kwenye iPhone, wala za iCloud kwenye Android. Uhamishaji unahitaji simu zote mbili ziwe mkononi, zina chaji, na orodha ya wadeni bado imo kwenye ile ya zamani.

Mwisho ni namba ya IMEI, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchini Tanzania, na waliokuwa wamenunua bila kukagua walibaki na vyuma mkononi. Kwa simu itakayotumika huko, namba hiyo hutumwa kwa ujumbe kwenda 15090 kabla fedha haijatoka mfukoni.