Doa la Tangi Lijue Kwanza, Ndipo Uliondoe

Sisi watu wa Bukoba na Muleba hatuna sababu kubwa ya kulilia mvua. Mjini Bukoba hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ingawa kadiri uendavyo mbali na ziwa mvua hupungua. Milimita moja ikiangukia mita moja ya mraba ya bati ni lita moja kamili. Basi paa la mita za mraba 50 laweza kukusanya lita 100,000 kwa mwaka, ukiondoa zinazopotea njiani. Ndiyo maana nyumba nyingi zimejengewa tangi la saruji. Lakini ni wangapi kati yetu tumepata kuchungulia ndani yake?

Mimi nililichungulia langu siku shati jeupe la shule la mwanangu lilipofuliwa likatoka na madoa ya kahawia. Mama watoto alikuwa ametia dawa ya klorini ili ling'ae, nalo likazidi kuharibika. Nikamwaga maji ya tangi, nikaingia na brashi na chupa ile ile ya dawa. Doa la ukutani halikutoka. Kwa haraka yangu nikakamulia ndimu juu ya dawa. Mara harufu kali ikanikaba koo, macho yakajaa machozi, nikakohoa hata nikashindwa kuita. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mdomoni mwa tangi, ndiye aliyenivuta mkono nikatoka.

Siku hiyo nilijifunza mambo mawili. La kwanza: klorini haichanganywi kamwe na ndimu, siki, wala dawa ya choo. Vikikutana hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu, na ndani ya tangi hewa hiyo yaweza kuua. La pili: madoa si ya namna moja, na dawa ya doa moja huweza kuwa adui kwa jingine.

JINSI YA KULITAMBUA DOA

Punguza maji hata doa lionekane, kisha jaribu mahali padogo tu, kama ukubwa wa sarafu.

Anza na kitambaa chenye maji. Likifutika na kuacha wekundu kitambaani, huo ni udongo wetu mwekundu ulioletwa na upepo juu ya bati. Brashi na maji vyatosha.

Lisipofutika, nalo ni la rangi ya kahawia au ya machungwa, paka nusu ya ndimu, ungoje dakika chache. Likififia, ni kutu. Hutoka katika mabati ya zamani, misumari, bomba la chuma, au ndoo iliyosahauliwa ndani. Hata wenye mabwawa ya kuogelea nyumbani hujaribu hivyo hivyo, ila wao husugua kidonge cha vitamini C. Suuza ndimu upesi, maana ukali wake hula pia saruji. Usioshe tangi zima kwa ndimu.

Doa la kijani, jeusi, au lenye umbo la jani lililooza ni la majani na uoto wa majini. Hilo ndilo la klorini: matone machache, nalo hupauka. Lakini lijaribu siku nyingine, baada ya kusuuza ndimu yote.

Ukoko mweupe mgumu kwa kawaida ni chokaa iliyotoka katika saruji yenyewe. Usihangaike nao, usugue kidogo kwa brashi, uendelee na kazi.

Sasa wajua kwa nini shati la mwanangu liliharibika. Klorini hugeuza chuma kilichoyeyuka majini kuwa kutu, nayo hushika nguo. Shati la namna hiyo lisuuzwe mpaka klorini iishe, kisha lipakwe ndimu na chumvi, lianikwe juani.

DOA LISILOSUGULIWA

Liko doa moja la kuogopwa: mstari wa kutu unaotoka katika ufa. Hilo si uchafu. Ni nondo zinazooza ndani ya ukuta. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipasua kuta nyingi mkoani kwetu, na nyufa nyingine ni ndogo kama unywele. Ukilisugua doa hilo litarudi, na ukuta utazidi kudhoofika. Mwite fundi mwashi kabla tangi halijapasuka penye watoto.

Siku ya kusafisha, acha mfuniko wazi muda mrefu kabla ya kuingia. Usiingie peke yako. Mtu mzima asimame nje akikuona. Maji ya kuoshea yasinywewe wala yasimwagwe migombani. Kisha kata matawi yaliyoinamia paa, weka chujio mdomoni mwa bomba, funika tangi mwanga usiingie, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati na kumwagika nje.

Shati lile mwanangu angali analivaa, na doa moja limebaki karibu na kifungo. Kila nilionapo nakumbuka ule mkono ulionivuta. Haraka haraka haina baraka, ndugu zangu. Liulize doa kwanza.