Jina Lililokwaruzwa Kwenye Kopo la Babu

Je, mama, nyumbani kwenu au kwa wakwe zako kuna chupa ya maji ya kijeshi, kopo la chakula, mkanda wa turubai au koti zito la zamani? Katika familia nyingi vitu hivi vimelala darini, vikingoja siku ya usafi ili vipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kabla hujavitoa, tunakusihi uvitazame vizuri. Huenda vina jina.

Kwa nini viliandikwa

Katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, maelfu ya vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland waliingia jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska 1942 na Burma kuanzia 1944. Vifaa vya askari mmoja vilifanana na vya mwenzake, kwa hiyo wengi waligonga au kukwaruza namba na jina ili visipotee kambini.

Ukiona mistari mitatu iliyokutana kama unyayo wa kuku, hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mwaka ulio karibu nayo kwa kawaida ni wa kutengenezwa kwa kifaa.

Jinsi ya kulisoma jina

Futa vumbi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Usisugue kwa majivu, mchanga wala steliwaya, maana utaondoa maandishi pamoja na kutu. Ingia chumba chenye giza, umulike tochi kutoka ubavuni, mikwaruzo itajitokeza. Unaweza pia kuweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli polepole.

Andika namba kwanza, kisha jina, hata kama herufi zake zinashangaza. Baadaye waulize wazee. Kama askari alifia vitani, tafuta katika orodha ya Commonwealth War Graves Commission, inayopatikana bure kwenye intaneti.

Angalizo: ukikuta risasi, guruneti au kitu usichokijua, usikiguse. Waondoe watoto, uwaite polisi.

Jina ni mtu

Sisi wauguzi tunamfunga mtoto mchanga utambulisho mkononi kabla hajaondoka chumba cha kuzalia, kwa kuwa asiye na jina hupotea kirahisi. Ndivyo ilivyo vitani pia. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo askari wengi wa Afrika Mashariki na wauguzi wanawake. Wengi wao hawana kaburi. Kilichobaki ni majina.

Wenzao wa Vita Kuu ya Kwanza hawakupata hata hayo. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ya makaburi ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Wako watu Uingereza na Marekani wanaokusanya vifaa hivi, na chenye jina hukipenda zaidi. Walio waungwana kati yao hutumia miezi kumtafuta mwenye jina. Ikiwa mgeni anajitaabisha hivyo kwa mtu asiye ndugu yake, sisi wajukuu tutasemaje?

La kufanya nyumbani

Mama, chukua daftari. Andika namba, jina, alikotoka, alikopigana na aliyekusimulia. Siku familia inapokutana kwa Krismasi au Pasaka, wape watoto wakishike kifaa hicho, uwasomee. Umaskini ukilazimisha kiuzwe, hatukulaumu. Lakini daftari libaki. Mungu anatujua kila mmoja kwa jina lake. Nasi tusikubali jina la mzee wetu liuzwe kwa kilo.