Je, Wajua? Mlima Unapotiririka Kama Mto

Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, mvua kubwa iliporomosha udongo, mawe na miti juu ya nyumba za Chesongoch, Marakwet Mashariki, nchini Kenya. Zaidi ya watu 20 walifariki. Majeruhi waliokuwa na hali mbaya walisafirishwa kwa ndege hadi mji wa Eldoret kutibiwa.

Je, wajua jinsi udongo mkavu unavyoshikilia mteremko? Chembe zake husuguana, na msuguano huo ndio nguvu yake. Mvua ya siku nyingi inapojaza nafasi zilizo kati ya chembe, maji husukuma kutoka ndani, chembe huachana, na mteremko mzima huondoka. Udongo huo ukiingia kwenye korongo huwa tope zito kama zege mbichi. Uzito huo ndio unaoliwezesha tope kubeba majabali, na mara nyingi makubwa zaidi hutangulia mbele.

Huko Chesongoch, chini ya ukingo wa Elgeyo, makorongo ya aina hii huishia kwenye ardhi yenye rutuba ya Bonde la Kerio, na hapo ndipo watu wamejenga. Kijito kikibadilika rangi ghafla, au mngurumo ukisikika kutoka juu, panda pembeni mara moja, mbali na korongo. Usikimbie kulifuata kuelekea bondeni.