Kutabiri Mvua ni Hesabu, na Kompyuta Moja Haitoshi

Kama umewahi simama Kona Baridi ukingoja mathree, unajua ile upepo haibembelezi mtu. Sasa hapo Ngong kuna ICPAC, kituo cha IGAD cha kutabiri hali ya hewa kwa nchi 11. Kazi yao ni hesabu, tena mob.

Cheki. Smokie mbili na yai ni 100. Smokie moja na yai ni 65. Toa: smokie ni 35, yai 30. Ikwesheni mbili, kwisha.

Lakini hewa inakatwa vipande mamilioni, kila moja na joto na upepo wake, na inategemea jirani. Kwa ile njia ya shule, ukiongeza vitu usizojua mara mbili, kazi inakuwa mara 8! So inagawanywa: kila prosesa inachukua mtaa wake wa mawingu, inasolve, kisha inapasha jirani vile mpaka uko. Hiyo kupashana ni kazi ya programu kama MPI. Na usidhani kujaza maprosesa ni dawa. Zikizidi zinangojeana tu, kama mjengo ya mafundi kumi na karai moja.

Jibu lazima litoke mapema. Mei 2024 mafuriko yalipofika Kitengela, utabiri wa jana haungesaidia mtu ashapanda juu ya mabati.