Kasuku mdogo anayekufa akikosa makuyu

LILONGWE. Katika duka moja la Area 49, mwenye duka, Mkongomani aliyeishi kambi ya Dzaleka kabla ya kuja mjini, aliniuliza swali ambalo huenda nawe umejiuliza: wale kasuku wadogo wa kijani wa msituni kwao, wakiletwa huku, hawana soko?

Anawafahamu vizuri. Wana urefu wa sentimita 13 hivi na utepe mweusi shingoni. Wanapatikana kwenye misitu ya mvua kuanzia Afrika Magharibi hadi Ituri na magharibi mwa Uganda. Wanasayansi waliwaandika tangu 1820, lakini hadi leo hawajulikani sana, maana hukaa juu kabisa ya miti mirefu.

Tatizo la kwanza la biashara hiyo ni tumbo. Ndege huyu hutegemea makuyu ya porini, hasa mbegu zake. Mmisionari mmoja Mbelgiji aliyejaribu kuwafuga huko Congo aliona kwamba wakikosa makuyu hufa ndani ya siku chache, hata wakipewa chakula kingine. Lori la Lubumbashi likikwama foleni Kasumbalesa, kama lilivyozoea, mzigo wote ni mizoga.

Tatizo la pili ni sheria, na hapa wengi huumia. Karibu kasuku wote duniani wamo kwenye orodha za mkataba wa CITES. Kumvusha mpakani bila kibali ni kosa. Kasuku wa kijivu, yule anayeiga maneno, alipandishwa orodha ya juu mwaka 2016 mjini Johannesburg, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikafungwa. Malawi nayo iliikaza sheria yake ya wanyamapori mwaka 2017. Kwa makosa makubwa kifungo hufika miaka 30. Hakuna faida ya tundu moja inayolipa hiyo.

Malawi ina kasuku wake mdogo pia, mwenye uso wa rangi ya chungwa, anayelala kwenye matundu ya miti ya mopane katika hifadhi ya Liwonde. Huyu adui yake mkubwa ni sumu ambayo majangili huweka kwenye madimbwi wakati wa kiangazi. Kwa kuwa hunywa kwa makundi, dimbwi moja huua wengi kwa mara moja.

Mwenye duka alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza bei ya vitenge Nakonde.