Vilima vya Chamwino Vinamtosha Mzee Mgeni

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, Chamwino imepokea wageni wengi waliokula chumvi: watumishi wanaoukaribia umri wa kustaafu, na wazazi waliowafuata watoto wao. Anayetoka Kilimanjaro, Usambara au Uluguru hulalamika kwamba huku hakuna mlima wa kutazama. Hukumu hiyo si ya haki. Kilimanjaro, pamoja na mita zake 5,895, ni volkano isiyofikisha miaka milioni 3, ilhali miamba ya itale ya nyanda hizi ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Isitoshe, milima mirefu hushinda imejifunika mawingu. Huku mvua ni ya takriban Desemba hadi Aprili tu, na juu ya mbuga ya vichaka na mibuyu, kilima cha mbali huonekana asubuhi hadi nyufa zake. Lakini hoja yangu kubwa ni magoti. Usambara ukitaka mandhari sharti upande. Chamwino unatembea tambarare na vilima vinakuzunguka. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata kwa waliovuka miaka 65, na nusu saa ya matembezi haya kwa siku tano inazitimiza.

Wapo watakaotaja jua na vumbi. Ni kweli, mchana hapafai. Ila tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Juni au Julai hudai sweta. Wengine huona haya: mtu mzima apite kando ya mashamba ya uwele bila jembe wala ng'ombe, ataonekana mzururaji. Dawa yake ni salamu. Sema “mbukwenyi”, uliza jina la kilima na kama inaruhusiwa kukipanda; mgeni aliyeacha majirani wa miaka mingi atapata wengine njiani. Pingamizi ninaloliogopa ni la viwanja. Ikulu mpya ilizinduliwa Mei 2023, ujenzi unasogea, na kokoto zinatafutwa. Mpango Mkuu wa Makao Makuu ya nchi, Dodoma, wa mwaka 1976 uliwatanguliza watembea kwa miguu. Halmashauri ya Chamwino iufuate moyo huo: itenge njia za miguu, ipande miti ya kivuli, na izuie viwanja na uchimbaji wa mawe miguuni mwa vilima kabla upimaji haujafika huko.